«IMEANZA LINI?» – Somo juu ya magonjwa ya kila siku kwenye kituo cha afya



Somo la afya la mara hii tutalianzia kwenye benchi. Kila mumoja wetu amekwisha kukaa kwenye benchi ya kituo cha afya, ikiwa kwao ni Sange ao Luvungi katika bonde la Ruzizi, ikiwa ni Makobola ao Swima kando ya ziwa, ao hapa Uvira katikati, kati ya muto Mulongwe na muto Kalimabenge. Tunakaa, tunangojea fishi yetu iitwe. Mbele yetu kuko mama mwenye mutoto wa joto, nyuma yetu muzee mwenye kukohoa, pembeni kijana mwenye kushika tumbo.

Muganga anafungua kitabu kikubwa cha wagonjwa. Anaandika tarehe, jina, miaka na kijiji. Kisha anauliza ulizo lenye sisi wote tunalijua: «Imeanza lini?»

Wengi wanafikiri ni ulizo la kujaza karatasi tu. Lakini mutu akifungua kile kitabu, ataona kwamba majina ya magonjwa ni machache na yanarudia-rudia kwenye kila ukurasa: malaria, kifua, kuhara, minyoo, ngozi, njaa ya watoto. Karibu yote yana dawa yenye kujulikana, na dawa yenyewe si ya bei kubwa. Basi, juu ya nini watu wangali wanakufa nayo? Mara nyingi jibu liko katika lile ulizo. «Imeanza juzi ya juzi.» «Imeanza juma lililopita.» Somo letu leo ni hili: ugonjwa wa kila siku unapata nguvu katika saa zenye sisi tunaupatia nyumbani.

1. KITUO CHA AFYA KILITOKA WAPI?

Mwaka wa 1978 mataifa mengi yalikutana katika muji wa Alma-Ata, katika Muungano wa Sovieti wa wakati ule (leo ni inchi ya Kazakhstan). Walikubaliana kwamba afya ianze karibu na watu, pale wanapokaa, kusudi watu wasingojee hospitali kubwa ya muji. Inchi yetu, yenye kuitwa Zaire wakati ule, ilifuata njia hiyo. Iligawanywa katika zone za afya. Kila zone ina hospitali kubwa, na kuizunguka kuko vituo vidogo katika vijiji. Makanisa yetu ya Kiprotestanti yalishika kazi hii kwa nguvu: mwaka wa 1981 ule muungano wa makanisa, Eglise du Christ au Zaïre (leo ECC), ulianza programu ya SANRU, maana yake afya ya vijijini, pamoja na Serikali na musaada wa Marekani. Leo upande wetu tuko na zone za Uvira, Ruzizi, Lemera, Nundu, Fizi na zingine.

Kwa hiyo kituo cha afya ni mulango wa nyumba nzima. Muganga wa kituo anaponyesha wengi palepale, na wale wenye hali nguvu anawatuma hospitali na karatasi mukononi. Lakini mulango unasaidia tu mutu mwenye kuupitia kwa wakati.

2. MALARIA

Wote tunaijua: joto, baridi ya kutetemeka, kichwa, viungo kuuma, pengine kutapika. Kidudu chake kinaletwa na mbu wa kike wenye kuitwa anofele, nao wanauma usiku. Hapa kwetu kuko maji yenye kusimama pembeni ya mashamba ya mupunga na katika mashimo ya kufyatulia matofali, basi mbu hawakose fasi ya kuzalia. Hesabu za dunia zinaonyesha kwamba Kongo ni ya pili nyuma ya Nigeria kwa wingi wa wagonjwa wa malaria. Si jambo dogo.

Malaria yenye kuwa nyingi kwetu ni ile ya falsiparumu, yenye ukali kupita zingine. Waganga wa dunia wanasema mugonjwa apate dawa mbele saa 24 hazijapita. Kwa mutoto wa chini ya miaka 5, siku moja ya kungojea inaweza kutosha kusudi kile kidudu kiingie mpaka kwenye ubongo ao kimalize damu. Asubuhi mutoto alikuwa na joto tu, kesho yake mwili unashituka-shituka, na wazee wanasema «amelogwa». Hakulogwa. Ni malaria yenye kupatiwa nafasi.

Kwenye kituo muganga anatoboa kidole, anatia tone moja ya damu kwenye kipimo kidogo, na jibu linatoka kisha dakika 15 ao 20 hivi. Dawa pia ilibadilika. Wazazi wetu walizoea klorokini, lakini kidudu kiliizoea nacho. Mwaka wa 2005 Kongo ilichagua kama dawa ya kwanza muchanganyiko wenye artemisinini. Unamezwa siku 3. Wengi wanaacha siku ya pili kwa sababu joto limeshuka, tena wanamuwekea ndugu vidonge vyenye kubaki. Hiyo ni kosa mbili: wewe hujapona vizuri, na ndugu yako atakunywa nusu-dawa.

3. KIFUA

Kukohoa kuko kwa namna nyingi, na mafua yanaisha yenyewe. Lakini kuko ugonjwa wa mapafu, wenye kuitwa pinemoni, nao unaua watoto wadogo wengi sana katika Afrika. Ginsi gani mama wa kijiji, ao wewe munafunzi, mutautambua bila mashini? Kwa kuhesabu tu. Mutoto akiwa ametulia, halii, hanyonyi, tazama tumbo na kifua chake, uhesabu pumzi dakika moja nzima kwa saa ya mukono:

– Mutoto wa chini ya miezi 2: pumzi 60 ao zaidi ni hatari.
– Wa miezi 2 mpaka 11: pumzi 50 ao zaidi ni hatari.
– Wa mwaka 1 mpaka 5: pumzi 40 ao zaidi ni hatari.

Kama sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani kila mara anapovuta pumzi, mambo yamezidi, usingojee hata chakula kiive. Dawa iko kwenye kituo. Mara nyingi ni amoksisilini. Kumupakaa mutoto mafuta kifuani hakufiki kwenye mapafu.

Mukubwa mwenye kukohoa majuma 2 na zaidi, mwenye kukonda na kutoka jasho usiku, apimwe makohozi juu ya kifua kikuu. Kipimo na dawa yake ni vya bure, lakini dawa inafuatwa miezi 6 bila kukatiza.

4. KUHARA, NA MUKUBWA WAKE KOLERA

Hapa sisi watu wa Uvira tunapashwa kuwa waalimu wa wengine, kwa maana kolera imekaa kwetu siku nyingi. Ilifika upande wa mashariki ya inchi yetu katika miaka ya 1970 ikielekea mwisho, na tangu pale haikutoka kabisa kando ya ziwa Tanganyika. Kolera inaingia kwa kinywa. Mutu anakunywa ao anakula uchafu wenye kutoka katika choo cha mutu mwingine, hata kama maji yanaonekana meupe.

Kuko uchunguzi mumoja wenye kufanyika hapahapa Uvira, juu ya miaka ya 2009 mpaka 2014, na ukatolewa mwaka wa 2015. Wachunguzi walilinganisha siku zenye robine zilikauka na hesabu ya watu wenye kuingia katika nyumba ya wagonjwa wa kolera. Waliona nini? Kisha siku moja bila maji ya robine, wagonjwa waliongezeka katika siku 12 zenye kufuata, mpaka kupita mara mbili na nusu ya kawaida. Tena walikadiria kwamba karibu robo ya wagonjwa wote ilitoka kwa ile shida ya maji ya robine. Tunaelewa sababu yake: bido zikikosa maji kwenye robine, mama ao dada anashuka ziwani ao mutoni, palepale watu wanaogea, wanafulia, na wengine wanajisaidia. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mito yetu ilifurika, Mulongwe ikabomoa manyumba na kuua watu, na maji safi yakakosekana tena. Mwaka uleule watu wengi wa Uvira walikunywa chanjo ya kolera. Chanjo inasaidia, lakini nguvu yake inapunguka na miaka, na haisafishe maji.

Kolera inakimbia kuliko magonjwa yote ya benchi yetu. Mutu muzima anaharisha maji kama ya mupunga, anatapika, macho yanaingia ndani, ngozi ya mukono ukiivuta inabaki imekunjamana, na katika saa chache anaweza kufa. Kinachomuua ni maji na chumvi zenye kutoka mwilini. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kuvirudisha. Kwenye watu wenye kupata matunzo mazuri, kati ya 100 hafi hata mumoja.

Sikilizeni habari hii. Mwaka wa 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi wengi waliingia India, na kolera ikawashika. Serumu ya kutia katika mushipa ikawaishia. Muganga mumoja, Dilip Mahalanabis, akachanganya sukari, chumvi na maji safi, akapatia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wao wenyewe. Mbele ya hapo karibu watu 30 kwa 100 walikuwa wakikufa. Katika kambi yake hesabu ikashuka mpaka chini ya 4 kwa 100. Wale wenye kushika kikombe hawakuwa waganga. Walikuwa mama, baba na kaka.

Kila munafunzi ajue hii kwa kichwa:

– Maji safi yenye kuchemshwa na kupoa: lita 1.
– Sukari: vijiko vidogo 6, vya kusawazisha, bila kilima.
– Chumvi: nusu ya kijiko kidogo, nayo ya kusawazisha.

Onja: isipite chumvi ya machozi. Angalieni chupa yenu, kwa maana chupa nyingi za maji ni za lita 1 na nusu. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mutoto. Mutoto wa chini ya miaka 2 apewe robo mpaka nusu ya kikombe kila mara akiharisha. Mwenye kupita pale, nusu mpaka kikombe kizima. Akitapika, ngojea dakika 10, kisha uendelee polepole na kijiko. Mutoto wa kunyonya aendelee kunyonya. Ikibaki mpaka kesho, mwaga, utengeneze ingine. Kwenye kituo kuko pakiti yenye kupimwa vizuri, hiyo inapita yetu ya nyumbani. Tena mutoto anapewa zinki kwa siku 10 mpaka 14.

Lakini musidanganyike: ikiwa ni kolera, kinywaji hiki ni cha njiani. Munamunywesha mugonjwa huku munamupeleka.

5. WALE WENYE KUTEMBEA POLEPOLE

Magonjwa mengine hayana haraka, na kwa ile sababu tunayazoea. Minyoo ya tumbo inanyonya damu ya mutoto miezi na miezi, naye anasinzia katika kalasi, sisi tunasema ni muvivu. Bilharzia inaingia kwa ngozi: mayai yanatoka katika choo cha mutu, yanaanguliwa majini, kidudu kinaingia katika konokono mudogo, kinatoka tena na kutoboa ngozi ya mwenye kuoga ao kuvua. Muganga Mujeremani Theodor Bilharz aliona nyoka wake katika mwili wa mutu kule Kairo mwaka wa 1851. Kwa miaka inaharibu ini, tumbo linavimba, pengine mutu anatapika damu. Dawa yake, prazikwanteli, iko.

Na bwaki. Sisi wa Kivu tuna jina letu, lakini vitabu vinasema kwashiorkor. Jina hili ni la luga ya Kiga ya Ghana. Muganga wa kike Cicely Williams aliliandika mwaka wa 1935. Maana yake ni ugonjwa wa mutoto mwenye kuachishwa ziwa kwa sababu mwingine amezaliwa. Miguu inavimba, nywele zinageuka nyekundu na kunyooka, mutoto hachezi tena. Wazazi wanaona amenenepa. Bugali peke yake inajaza tumbo bila kujenga mwili. Ndagala wa ziwa letu, maharagi, karanga na sombe viwe pembeni ya bugali, na mutoto apewe sahani yake, asishindane na wakubwa.

Kwa hawa wa polepole pia ulizo ni lilelile, «Imeanza lini?», na jibu linakuwa la kuhuzunisha zaidi: «Hatukumbuke.»

6. JUU YA NINI TUNACHELEWA?

Tusiwacheke wenye kuchelewa. Kuko sababu za kweli. Feza hazipo, na mama anangojea baba arudi kutoka kuvua. Njia ni mbali, muto umejaa, ao kuko risasi barabarani. Wengine wananunua kwanza vidonge viwili-vitatu sokoni, bila kupimwa. Na wengine kati yetu wakristo wanasema, «Tuombe kwanza, tuone.»

Mutoto mumoja wa pasta wa Bukavu, Denis Mukwege, alimaliza masomo ya uganga Bujumbura mwaka wa 1983, akaja kufanya kazi kwenye hospitali ya Kiprotestanti ya Lemera, kule milimani juu ya bonde letu. Alitaka kutunza watoto. Lakini aliona mama wenye kuzaa wakifika kwa kuchelewa, wengine wamebebwa kutoka mbali wakitoka damu. Hilo likabadilisha njia yake: akaenda Angers, Ufaransa, kujifunza uganga wa wanawake, kisha akarudi Lemera. Mwaka wa 2018 dunia ilimupa zawadi ya Nobel ya amani juu ya kazi yake ya kutunza wanawake wenye kutendewa jeuri. Tukumbuke kazi ile ilianzia wapi: kwa kuona wenye kufika wakati saa zimekwisha kupita.

Juu ya maombi, tusome tena habari ya Musamaria mwema katika Luka 10. Alimukuta mutu njiani, akasikia huruma. Palepale alifunga vidonda, akatia mafuta na divai, akamupandisha juu ya punda wake, akamupeleka kwenye nyumba ya wageni, akatoa feza. Hatusomi kwamba alimwambia mugonjwa angojee asubuhi. Basi tuombe, lakini tuombe tukiwa tunatembea kwenda kwenye kituo.

Na sisi wanafunzi tujipime. Nani hajaficha joto lake juu ya mutihani? Nani hajaharisha usiku, akanyamaza kwa sababu ya haya? Katika chumba chenye vitanda vingi, mumoja mwenye kuficha anapatia wote ugonjwa. Wazee walisema ngojangoja huumiza matumbo, na hapa maneno yao ni ya kweli kabisa.

7. ISHARA NNE ZA KUONDOKA SASA HIVI

Ukiona moja tu kwa mutoto mudogo, usiku ao muchana, musingojee:

(a) Hawezi kunywa wala kunyonya.
(b) Anatapika kila kitu.
(c) Mwili unashituka-shituka, ao ulishituka leo.
(d) Analala mno, haamuki vizuri, ao amezimia.

ZOEZI LA NYUMBANI

1. Hesabu pumzi za mudogo wako akiwa amelala, dakika moja nzima. Andika hesabu na miaka yake.
2. Fundisha mutu mumoja wa nyumba yenu ginsi ya kutengeneza maji ya sukari na chumvi. Asirudie mbele yako kwa maneno tu. Apime kwa mikono yake.
3. Uliza wazazi: usiku mutoto akigonjwa, tutapita njia gani, na nani atabaki na wengine? Feza kidogo za njia ziko wapi?
4. Bido ya maji ya kunywa nyumbani ina kifuniko? Nani anatia kikombe ndani yake?
5. Fikiri juu ya ugonjwa wa mwisho wenye uliona nyumbani. Ulianza lini? Mulifika kwenye kituo lini? Siku zile za katikati zilitumiwa juu ya nini?

Ulizo la 5 si la kuonyesha mwalimu. Kila mumoja alijibu moyoni mwake, na siku ingine akikaa kwenye benchi, muganga akiuliza, aweze kujibu: «Imeanza leo.»